Nyumba ya Bwana na Duka la Peremende

Mji wa Glasgow ndio mkubwa kuliko miji yote ya Uskoti. Mtajie mfanyakazi wa bandarini jina hilo, naye atakumbuka meli, kwa kuwa kwa miaka mingi kingo za mto Clyde zilikuwa mashuhuri duniani kote kwa kazi ya kuunda vyombo vya majini. Hata MV Victoria, ambayo wakazi wa Mwanza na Bukoba wanaijua tangu ilipoanza kazi mwaka 1961, iliundwa na mafundi wa Yarrow wa Glasgow, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu. Mtajie mpenzi wa kandanda, naye atakujibu mara moja: Celtic na Rangers.

Lakini, ndugu msomaji, upande wa kaskazini-mashariki wa katikati ya mji huo, mahali penye mwinuko, iko nyumba moja isiyohusika na meli wala mpira. Inaitwa Provand's Lordship. Ilijengwa mwaka 1471 iwe makao ya padri. Ukitaka kuupima umri huo kwa kipimo tunachokifahamu, kumbuka kwamba Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mawe ya nyumba hii yalikuwa yamekwisha kupangwa miaka 27 kabla Mreno huyo hajaiona pwani yetu.

Tangu siku hiyo nyumba imekuwa mambo mengi ambayo aliyeijenga hakuyafikiria. Imeongezwa, imekatwa, imepangishwa, imesahauliwa, na mwishowe imeokolewa. Leo natuitazame hadithi ya mabadiliko hayo, kwa maana ndani yake mna swali linalohusu kila mji wenye majengo ya kale: ni nani hasa anayeifanya nyumba idumu, na ni jina la nani linalobaki mlangoni?

NYUMBA YENYEWE

Ukisimama mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Mungo, kisha ukavuka barabara ya Castle Street, utaikuta ikikungoja. Usitegemee kuona kasri. Ni nyumba ya wastani, yenye ghorofa mbili juu ya vyumba vya chini, iliyojengwa kwa mawe ya mchanga yasiyolingana, yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Kuta zake ni nene, na madirisha yake ni madogo, kwa sababu katika nchi ile baridi ni adui wa kila siku, tena katika zama zile kioo kilikuwa bidhaa ya gharama kubwa. Paa lake limeinuka sana ili mvua na theluji viteremke upesi bila kukaa.

Tazama juu, pale ukuta wa ubavuni unapochongoka kulifuata paa. Badala ya kushuka kwa mteremko laini, ukuta huo umekatwa vidato kama ngazi. Waskoti huviita vidato hivyo ngazi za kunguru, na utaviona katika majengo mengi ya kale ya nchi hiyo. Jina lake ni la mzaha, lakini kazi yake si mzaha. Fundi mwenye mawe madogo ya kawaida huweza kuumaliza ukuta wake bila kulichonga kila jiwe kwa mshazari, na siku paa linapovuja, vidato hivyo humsaidia anayepanda kulitengeneza.

Ubavuni mwa nyumba utaona pia ngao iliyochongwa katika jiwe. Hiyo ni alama ya ukoo wa Andrew Muirhead, askofu wa Glasgow tangu mwaka 1455 hadi 1473. Ndiye aliyeijenga nyumba hii, iwe sehemu ya hospitali ya Mtakatifu Nicholas. Neno hospitali lisikupotoshe. Katika Ulaya ya wakati ule, hospitali haikuwa lazima mahali pa daktari na dawa. Aghalabu ilikuwa makao ya kuwahifadhi wasiojiweza, na hii ya Askofu Muirhead iliwekwa kwa ajili ya wazee 12 maskini. Wazee hao walikuwa na padri wa kuwaongoza katika sala, na nyumba ya mawe tunayoitazama ilihusika na kazi hiyo.

Ndani, mpangilio wa awali ulikuwa rahisi: vyumba vitatu kwa kila ghorofa, vyenye ukubwa unaokaribiana, na meko ya kuotea moto. Mtu aliyezoea nyumba zetu za kupanga mijini, zenye chumba kwa chumba, hatashangaa sana akiuona mpango huo.

JINA NA FUNGU

Je, jina Provand's Lordship maana yake nini? Hapa inabidi tufahamu jinsi mapadri wakubwa wa Kanisa Kuu walivyopata riziki yao. Kanisa Kuu la Glasgow lilikuwa na makanoni 32. Kila kanoni alipewa fungu lake, yaani mapato ya ardhi au parokia fulani. Wakulima walilima, na sehemu ya jasho lao ikapanda kilimani kwenda kumlisha kanoni. Fungu hilo liliitwa kwa neno la Kilatini ambalo katika vinywa vya Waskoti liligeuka kuwa Provan au Provand.

Moja ya mafungu hayo lilikuwa la Barlanark, mashariki mwa mji. Aliyelishika alijulikana kuwa bwana wa Provan, na inaaminiwa kwamba baadaye nyumba hii ilikuwa makao yake ya mjini. Ndipo likapatikana jina lake: ubwana wa Provand. Kwa hiyo nyumba iliyoanza kwa ajili ya huduma ya wazee maskini imebaki na jina la cheo cha mwenye mapato ya shamba. Liweke jambo hilo akilini, ndugu msomaji, maana tutalirudia.

Husimuliwa pia kwamba Malkia Mary wa Uskoti alilala humo alipokuja Glasgow mwanzoni mwa mwaka 1567 kumtazama mumewe, Lord Darnley, aliyekuwa mgonjwa. Kuja kwake mjini kumeandikwa katika historia. Kulala kwake katika nyumba hii ni masimulizi tu. Lakini masimulizi hayo nayo yamekuwa sehemu ya nyumba, kama vile moshi ulivyoingia katika mawe yake.

WAPANGAJI WAPYA

Mwaka 1560 Uskoti iliachana na mamlaka ya Papa. Matengenezo ya Kanisa yalivunja utaratibu wote wa makanoni na mafungu yao. Nyumba zilizokuwa zimelizunguka Kanisa Kuu zikaingia mikononi mwa watu binafsi. Wengine walizikarabati, wengine wakazigawa vipande na kuzipangisha, wengine wakaziacha zianguke.

Kanisa Kuu lenyewe lilikuwa hatarini. Masimulizi ya mji yanasema kwamba mwaka 1579, palipotokea nia ya kulibomoa, ni vyama vya mafundi wa Glasgow vilivyosimama kulilinda. Si maaskofu wala makabaila, bali watu wa patasi, nyundo na sindano. Watu wa Glasgow wanaipenda hadithi hiyo mpaka leo.

Nyumba yetu ndogo ilipona kwa njia nyingine: ilipata kazi mpya. Mwaka 1670 iliongezwa sehemu upande wa magharibi, yaani nyuma, na upanuzi huo unahusishwa na William Bryson. Fikiri maana yake. Ukuta uliokuwa ukipigwa na mvua kwa miaka 199 uligeuka kuwa ukuta wa ndani. Nyumba ya padri mmoja asiye na mke wala watoto ikawa nyumba ya kuishi familia, yenye nafasi zaidi. Kwa mtu apendaye kila kitu kibaki kama kilivyoumbwa, hayo ni maharibifu. Kwa yule anayejua kwamba nyumba isiyo na mtu hubomoka upesi, hayo ndiyo yaliyoipa nyumba uhai wa pili.

Karne ya 18 ilileta utajiri mkubwa Glasgow. Wafanyabiashara wa mji walitajirika kwa tumbaku na sukari, mazao yaliyopandwa na kuvunwa kwa jasho la watumwa wa Kiafrika ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kwa fedha hizo walijenga mitaa mipya chini, upande wa magharibi, mbali na kilima cha Kanisa Kuu. Wenye nacho wakahama. Mji wa kale ukaachiwa wasio nacho.

Kisha vikaja viwanda. Mwaka 1801 Glasgow ilikuwa na watu wasiofika 80,000. Mwaka 1901 walikuwa wamepita 750,000. Watu hao walihitaji mahali pa kulala, na mitaa ya kale ikajazwa mpaka ikafurika. Katika msongamano huo nyumba ya Askofu Muirhead ilitumika kwa kila lililowezekana. Husimuliwa kwamba mnyongaji wa mji aliishi katika kibanda kilichoegemezwa ubavuni mwake. Na hata karne ya 20 ilipoingia, ndani yake mlikuwa na duka la peremende.

Naam, peremende! Mahali padri alipopiga magoti kusali, watoto wa wafanyakazi walinyoosha mikono yenye sarafu wakanunua pipi. Yawezekana msomaji mwingine akaona huo ni utovu wa heshima. Mimi naona vinginevyo. Mwenye duka hawezi kuacha paa livuje juu ya sukari yake. Atapanda, ataziba. Kwa kila siku aliyofungua duka lile, aliisogeza nyumba siku moja mbele.

WAKUBWA WALIVYOANGUKA

Sasa tazama majirani wa nyumba hii, walio wakubwa kuliko yeye, ujue yaliyowapata.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ngome ya maaskofu. Mabaki yake yaliondolewa mwishoni mwa karne ya 18, na mahali hapo ikajengwa hospitali ya Royal Infirmary, iliyofunguliwa mwaka 1794. Mbele ya Kanisa Kuu palikuwa na minara miwili ya kale isiyolingana. Katika miaka ya 1840 wataalamu waliona inaharibu sura ya jengo, wakaibomoa yote miwili, na kazi hiyo wakaiita ukarabati. Chini kidogo, kando ya High Street, palikuwa na majengo ya chuo kikuu ya karne ya 17. Mwaka 1870 chuo kilihamia upande wa magharibi wa mji, na ardhi yake ikachukuliwa na shirika la reli. Baadaye majengo yale yakavunjwa.

Tena mwaka 1866 ilitungwa sheria ya kuuboresha mji, iliyoruhusu vichochoro vya zamani kununuliwa na kubomolewa. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Vichochoro vile vilikuwa na maradhi na giza, na wakazi wake walistahili hewa na maji safi. Kabla ya kuvunjwa, mpiga picha Thomas Annan alipewa kazi ya kuvipiga picha, na picha zake za miaka ya 1868 hadi 1871 zinatazamwa mpaka leo. Lakini sheria ile ilipomaliza kazi, sehemu kubwa ya mji wa kale ilikuwa imebaki katika karatasi tu.

Na zile nyumba nyingine za makanoni? Zote zimetoweka. Leo Glasgow ina majengo manne tu yaliyosalia kutoka zama hizo za kati: Kanisa Kuu, ngome ya Crookston, jumba la shamba la Provan Hall, na nyumba yetu yenye duka la peremende.

Kwa nini hii ilisalia? Ngome ilikuwa na ardhi yenye thamani. Minara ilikuwa na wataalamu wenye fedha za kuibomoa. Chuo kilikuwa na mnunuzi tajiri. Nyumba ndogo ya pembezoni haikumtamanisha mtu, na wakati huohuo haikukosa mtu wa kuitumia. Unyonge wake ndio uliokuwa ngao yake.

MWAKA 1906

Hata hivyo unyonge hauwezi kuilinda nyumba milele. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa za nyumba ile zilikuwa zimekwisha kuwa nyingi. Mwaka 1906 wananchi wa Glasgow waliokuwa na uchungu na mabaki ya mji wao waliunda chama kwa shabaha moja, yaani kuinusuru Provand's Lordship. Mwaka 1927 tajiri wa meli, Sir William Burrell, aliisaidia kwa kuipatia samani za Kiskoti za karne ya 17. Mwaka 1978 nyumba ikawa mali ya halmashauri ya mji. Ikafanyiwa matengenezo makubwa, ikafunguliwa tena kwa umma mwaka 1983.

Katika miaka ya 1990 nyuma yake ilitengenezwa bustani ya mitishamba, ya kuwakumbusha wageni tiba za zama za hospitali ile ya kale. Katika ushoroba wa bustani hiyo zimewekwa nyuso za mawe zenye vituko, zilizochongwa karne ya 18 kwa ajili ya ukumbi wa mji, nazo zikahamishwa huku na huko kabla ya kupata pahali pa kupumzika.

Karibuni zaidi nyumba ilifungwa tena kwa ukarabati uliogharimu pauni milioni 1.6, ikafunguliwa mwaka 2024. Adui mkubwa alikuwa yuleyule wa siku zote, yaani maji. Hapa liko somo ambalo mafundi wetu wa Pwani wanalijua. Ukuta wa kale uliojengwa kwa chokaa hupumua; unyevu huingia na kutoka. Ukiupaka saruji kwa kudhani unauimarisha, unyevu hunaswa ndani na jiwe huoza polepole. Waskoti walijifunza hayo kwa hasara katika majengo yao mengi, na wanaotengeneza nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Unguja hukabiliana na jambo lilelile.

ZAMA ZIPI ZIRUDISHWE?

Lakini ukarabati wa nyumba ya kale huleta swali ambalo chokaa haiwezi kulijibu. Nyumba imeishi miaka zaidi ya 550. Je, irudishwe ilivyokuwa mwaka upi?

Ukisema mwaka 1471, itakubidi uibomoe sehemu ya mwaka 1670, ambayo sasa yenyewe ni ya kale kuliko karibu kila kilichoko mjini. Ukisema 1670, utakuwa umemweka pembeni Askofu Muirhead na wazee wake. Waliohusika walifanya busara: waliiacha mifupa ya zama zote mbili isimame pamoja. Walakini samani alizotoa Burrell, nzuri kama zilivyo, ni za karne ya 17, na hazikuwa za nyumba hii. Ni wageni walioalikwa kukaa ndani yake. Mtazamaji asiyeelezwa aweza kudhani kwamba mapadri wa mwaka 1471 walikalia viti vile.

Duka la peremende je? Hilo liliondoka. Nyumba ilipofanywa makumbusho, alama za biashara ndogo ndogo zilitoa nafasi kwa sura ya zama za kale. Naielewa sababu, maana mgeni huja kutafuta mambo ya kale, si kaunta. Lakini tuseme ukweli: wauza duka na wapangaji waliishi na nyumba hii kwa muda mrefu kuliko mapadri. Mapadri waliikalia kwa miaka 89 tu, kutoka 1471 hadi 1560. Waliobaki walikuwa watu wa kazi za kila siku. Hata hivyo jina lililoko mlangoni ni la ubwana. Hakuna anayeiita nyumba ya muuza peremende.

Hatua chache kutoka hapo, katika uwanja wa Kanisa Kuu, iko sanamu ya mtu ambaye jina lake si geni kwetu: David Livingstone. Alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, si mbali na Glasgow, akaanza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka 1874 mwili wake ulipita Bagamoyo ukielekea Uingereza, baada ya kubebwa kwa miguu na Waafrika kutoka mbali sana barani. Sanamu yake nayo imehama, kwa kuwa awali ilisimama George Square, katikati ya mji. Lakini jina lake limechongwa, nao waliombeba hawakuchongewa sanamu hapo. Nyumba na sanamu, zikitazamana hivi, zinasimulia jambo moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Glasgow kwa masomo, kwa kazi au kwa kumtembelea jamaa, panda kilima hadi Castle Street. Kiingilio katika makumbusho za mji huo hakuna. Itazame ngao ya askofu, ni haki yake. Kisha zunguka nyuma, uitazame sehemu ya mwaka 1670. Ukimaliza, simama katika chumba cha chini, uwafikirie watoto waliosukumana hapo na sarafu zao, na yule aliyekuwa nyuma ya meza akiwapimia, ambaye jioni, baada ya kufunga duka, aliinua macho kuangalia kama dari linavuja.